Hodi kwenye Eneo la Wazi

Kwenye ramani ya mji, mahali pa kupumzikia hupakwa rangi ya kijani. Kila nilipokunjua ramani mbele ya wakazi wa Dodoma, hakukosekana mtu wa kucheka. Ardhi yetu huvaa kijani wakati wa mvua tu; baada ya hapo inarudia rangi yake ya udongo, ya ukuta wa tembe, na upepo unaigawa kwa kila nyumba bila upendeleo. Nilizoea kueleza kwamba kijani cha ramani si majani, ni ahadi. Maana yake hapa hapatajengwa nyumba wala duka, na kila mtu ana haki ya kukaa, kucheza au kupita. Wakishaelewa, mtu mwingine, mara nyingi mwanamke aliyekaa nyuma kabisa, aliuliza swali ambalo ofisini hatukuwa na jibu lake: ahadi hiyo kaitoa nani?

Wakati huo nilikuwa mwanamke kijana, mwajiriwa wa ofisi ya mipango ya mji. Wenzangu walipima na kuchora. Mimi nilipewa kazi waliyoiona nyepesi, ya kukaa na wananchi: nauchukua mchoro mpaka mtaani, naueleza, nawasikiliza, narudi na maoni yao. Vijana wanaoanza kazi hii siku hizi huniuliza subira niliipata wapi. Huwaambia wasiogope, mtu hazaliwi na subira. Ukilazimika kueleza jambo lile lile mara ya pili kwa maneno mapya, mara nyingi wewe mwenyewe ndiye unayelielewa kwanza. Ukishaonja hilo, mara ya tatu haikuchoshi.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya tisini, miaka ya ruksa kama watu walivyoiita. Mambo yaliyokatazwa muda mrefu yalifunguliwa karibu kwa pamoja. Sabuni ilirudi madukani, redio za kigeni zikaonekana, marobota ya mitumba yakashushwa stesheni, na kila aliyekuwa na mbao chache na bati alisimamisha kibanda. Sisemi haya kwa kulalamika. Nilinunua viatu vyangu vya kwanza vya ngozi miaka hiyo, na nilivipenda. Lakini pale mjini palipokuwa na nafasi, nafasi hiyo ilianza kutazamwa. Eneo moja la kijani likawa kituo cha mafuta kabla hatujamaliza kuchora njia zake za miguu. Jingine likawa ghala. Ukiuliza, unaambiwa pale palikuwa hapatumiki.

Eneo ninalotaka kulisimulia lilikuwa pembezoni, mahali ambapo kijiji cha Wagogo kilikuwa kimemezwa na viwanja vilivyopimwa. Upande mmoja zilibaki tembe chache na mazizi ya mbuzi. Upande wa pili zilianza nyumba za bati za watu wa mjini, wengi wao Waislamu ambao mababu zao walifika na misafara ya biashara wakaamua kutorudi. Katikati palikuwa na ardhi ngumu, tambarare, isiyo na mti hata mmoja. Baada ya mavuno wanawake walipura hapo mtama na uwele, kwa kuwa ardhi iliyokanyagwa miaka mingi haichanganyi nafaka na mchanga. Kupura kukiisha walileta ngoma za muheme, zile ambazo wanawake huzibana katikati ya mapaja na kuzipiga kwa viganja, na jioni nzima ikawa yao. Siku nyingine vijana walicheza mpira. Hakuna aliyewahi kuuliza uwanja ni wa nani.

Aliyeongoza ngoma hizo alikuwa mama mmoja mjane, Mgogo wa pale pale, mwenye shamba upande wa Haneti alikokwenda kulima mvua zikianza. Nitamwita mama wa muheme. Alikuwa amezaliwa hatua chache kutoka uwanjani, kabla mji haujafika. Sehemu nyingine zote alizowahi kupigia ngoma zilikwishageuka nyumba. Alikuwa na binti zake na wakwe zake wa kuwafundisha, na ua wa nyumba yake mpya ulitosha kuku na jiko tu. Muheme unahitaji duara, na duara linahitaji nafasi ya watazamaji kulizunguka. Aliniambia hivyo siku ya kwanza tulipoonana, akinyoosha mikono yote miwili kunionyesha upana.

Mkuu wangu wa kazi alikuwa mtu mwema aliyechoka. Kamati ya kugawa viwanja ilikuwa inamsukuma, kwani mfanyabiashara mmoja alikuwa ameomba uwanja ule wote, na mkuu wangu akapigania nafasi moja ya mwisho ya kuuokoa. Kamati ikakubali hivi: wakazi wakikaa, wakaupangia uwanja wao matumizi, wakauzungushia mpaka na kuonekana wanautumia, basi kabla ya mvua nyingine kamati itapita kuukagua, na rangi ya kijani itabaki. La sivyo, uwanja utarudi kuwa viwanja vya biashara. Mkuu alinipa mchoro akaniambia niwahi, kwa sababu uwanja mtupu hauna mtetezi.

Tulikutana kwenye darasa la shule ya msingi, mvua za masika zikiwa zinaishia. Mkutano uliongozwa na balozi wa nyumba kumi, fundi cherehani wa upande wa mjini, mtu mwembamba mwenye kofia ya kitambaa aliyoishona mwenyewe. Babu yake alikuwa Mnyamwezi, mpagazi wa misafara, kwa hiyo kati yake na mama wa muheme palikuwa na utani wa kurithi. Hawakuweza kusalimiana bila kuchokozana. Mama alipoingia na kumwamkia Kigogo, “Mbukwenyi,” balozi alimjibu kwamba kiti cha mbele ni cha watu walioacha mlenda wao nyumbani. Mama akakaa hapo hapo mbele, akasema mguu wake umebebwa na mlenda mpaka hapa, wa balozi umebebwa na nini.

Nilieleza kila kitu. Nilichora chini kwa chaki ili wasioizoea ramani waone: hapa mabenchi, hapa miti ya kivuli, hapa mpira, hapa mahali pa kupuria. Mama wa muheme alisikiliza mpaka mwisho, akasema yeye angependa pabaki hivi hivi.

Nilimweleza kwa upole kwamba ramani haijui kusema hivi hivi. Kila mahali kwenye ramani pana jina la matumizi yake, na pasipo na jina husomeka kuwa pako wazi, na palipo wazi mtu hupaomba. Alifikiri, akatikisa kichwa. Akasema kama ni hivyo tupape jina, tupaite pa muheme. Watu wakapiga makofi.

Wazo la ua halikutoka ofisini. Nalisema hili kwa sababu baadaye watu wa ofisini walidhani tuliwalazimisha wakazi. Lilitoka kwa wakazi wenyewe. Mzee mmoja wa upande wa mjini alisema amemwona mtu wa yule mfanyabiashara akipima uwanja kwa hatua, alfajiri. Darasa zima likachangamka. Mpaka uliotakiwa na kamati ungeweza kuwa mawe yaliyopakwa chokaa, lakini mawe yanahamishwa. Wagogo wakasema minyaa haihamishwi. Ukichomeka vipande vyake vinashika, mbuzi haili, na utomvu wake ukiingia jichoni mtu hatarudia kuvamia. Balozi akaongeza kwamba pawe na mlango mmoja tu, ili macho ya kulinda yajue pa kutazama. Kila mtu alikubali. Nami nilikubali, tena kwa furaha, kwa kuwa huo ndio ulikuwa mkutano wa kwanza ambao sikulazimika kumwomba mtu azungumze.

Siku ya kupanda walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Wanaume walikata minyaa kwenye maboma ya zamani, wanawake wakachimba mashimo, watu wa mjini wakaleta chai na mihogo ya kuchemsha. Katikati ya shina na shina walisuka matawi ya miiba mpaka minyaa ikue. Mlangoni walisimamisha miti miwili na kufunga kipande cha bati kinachofunguka. Mama wa muheme alipanda upande wa magharibi kwa mkono wake, na aliponiaga alisema sasa anaweza kulala.

Kisha uwanja ukabaki mtupu.

Mwanzoni sikushtuka. Mtama ulikuwa bado shambani. Lakini mavuno yalipofika niliona wanawake wakipuria kwenye vibaraza, wakipepeta njiani, makapi yakiruka mpaka kwenye sufuria za majirani. Wanaume waliokuwa wakikata katikati ya uwanja kwenda kazini walianza kuzunguka nje ya ua, wakiongeza safari. Watoto nao hawakuingia. Mama zao waliwakataza. Nilipita pale nikitoka kazini, kesho tena na kesho kutwa, na ndani ya ua mlikuwa na upepo tu.

Siku moja nilimkuta mwanamke na ungo wake amesimama mlangoni. Bati lilikuwa wazi. Alisema, “Hodi.” Akangoja. Akasema tena, akanyoosha shingo kutazama ndani, mahali ambapo hapakuwa na nyumba wala mtu. Akasema mara ya tatu kwa sauti ya chini, kisha akageuka, akaniona, akacheka kwa aibu, akaenda zake.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama wa muheme. Alikuwa anachambua uwele, akanipa kigoda. Nilimuuliza kwa nini haendi uwanjani.

“Mahali penye ua pana mwenyewe,” alisema. “Naingiaje pasipo na wa kuniitikia?”

“Mwenyewe ni wewe, mama. Ua umeupanda wewe.”

“Najua, mwanangu. Kichwa kinajua. Miguu ndiyo inakataa.”

Alinieleza kama mimi nilivyozoea kuwaeleza wengine, polepole na bila kunidharau. Uwanja ulipokuwa wazi, kuingia hakukuwa kuingia. Ulikuwa unapita tu. Sasa kuna ndani na nje. Anayeonekana ndani ya ua usio wake, peke yake, bila aliyemkaribisha, huyo ni nani mbele za watu? Alisema alijaribu mara moja, akafika katikati, akajiona kama amekwenda kuiba. Nikaenda kwa balozi nikitumaini watu wa mjini wanaliona vingine. Naye alikuwa hajawahi kukanyaga ndani. Aliniambia wamefundishwa tangu chuo cha Kurani: unabisha hodi mara tatu, hujaitikiwa, unarudi ulikotoka, wala huna ruhusa ya kununa. Tulitazamana. Darasa zima lilikuwa limepanga ua, jamii mbili zenye desturi ile ile, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekumbuka kwamba uani lazima akae mtu.

Hapa huwa nawasimamisha vijana kidogo. Tunajifunza kuuliza watu wanataka nini, na hilo ni jema, liendelee. Lakini mtu anaweza kukwambia kwa moyo wake wote anachokitaka, na siku ukikileta akashindwa kukifikia. Hajakudanganya. Hakuwa amewahi kusimama mbele ya kitu kile, basi angejuaje miguu yake itasema nini?

Nilimwomba mkuu wangu tuuondoe ua. Alinisikiliza, akajishika kichwa. Alisema mpaka ni sharti la kamati. Tukiung’oa, kesho yake ombi la mfanyabiashara litakuwa mezani, na hatakuwa na la kujitetea. Akaniuliza kama hakuna njia nyingine. Nikarudi mtaani na swali hilo, tukakaa watatu, mimi, mama na balozi, kando ya barabara, penye cherehani ya balozi.

Balozi ndiye aliyelipata jibu. Siku hizo cherehani yake ilikuwa inalala. Nani atashonesha suruali wakati mitumba inauza suruali iliyokwisha shonwa? Kazi iliyobaki ilikuwa kupunguza viuno na kukata miguu ya suruali za watu wa mbali waliokuwa warefu kupita sisi. Kazi hiyo, alisema, anaweza kuifanyia popote. Atahamishia cherehani mlangoni mwa uwanja, ndani kidogo ya ua, chini ya turubai. Mtu akipiga hodi, yeye ataitikia.

Mama wa muheme alicheka mpaka akafuta macho kwa khanga. “Babu yako alipita kwetu akatulipa hongo, ushuru wa kupita, ndipo akanywa maji,” alimwambia. “Leo mjukuu amekaa mlangoni, sisi tumwombe njia.”

“Hongo ile inanirudia taratibu,” balozi alisema. “Wewe utaanza kwa kuku.”

Na ikafaa. Sijui nieleze vipi jinsi jambo dogo linavyoweza kufaa. Asubuhi ya kwanza balozi alikaa, akatia uzi, na mwanamke wa kwanza aliposema hodi alijibu bila kuinua kichwa, karibu ndani, kama mtu aliyeishi pale tangu kuzaliwa. Mwanamke akaingia na ungo wake. Wa pili akamfuata. Baada ya muda mfupi mtama uliobaki ulikuwa unapurwa pale, watoto wakakimbia, wazee wa mjini wakaleta bao lao pembeni mwa cherehani. Nilikuja Jumamosi moja alasiri nikakuta ngoma zimekwisha pashwa moto kwa mabua. Mama wa muheme alikaa katikati ya duara, ngoma mapajani, na mkwe wake mdogo alikuwa anajifunza kupokea pigo. Alikosea, akacheka, akarudia. Mama alimwitikia kwa ngoma badala ya kumwambia neno. Nilisimama nikajiona nina kazi nzuri kuliko watu wote wa ofisini.

Taabu iliingia kwa mlango ule ule, tena kwa adabu. Mwanamke mwenye karanga za kukaanga alipiga hodi akaomba akae kivulini karibu na fundi. Balozi angesemaje? Akamkaribisha. Mwuza soda akapiga hodi na kreti lake. Halafu kijana wa mitumba, ambaye kwa kweli alikuwa anafuata wateja wa kupunguziwa suruali, akaomba kutandika turubai lake upande wa ndani wa ua, akatundika mashati kwenye miiba. Fundi wa baiskeli akafuata. Nilimwambia balozi awazuie kidogo, mpaka kamati ipite. Aliniangalia kwa masikitiko.

“Dada, mimi nimekaa hapa niitikie hodi. Sasa nimwitikie nani na nani nimnyamazie?”

Wote walikuwa wakazi. Wote walikuwa wameachishwa kazi mahali fulani, au wamelima mwaka mbaya. Nilijaribu kuwapanga upande mmoja, wakakubali kwa heshima zote, na juma lililofuata walikuwa wamerudi kwenye kivuli, kwa sababu kivuli cha pale kilikuwa kimoja tu, cha turubai la balozi. Mama wa muheme alianza kulalamika kwamba duara limesukumwa. Alilalamika kwa utani, akimwambia mtani wake kwamba msafara wa babu yake umefika tena na umepiga kambi. Lakini macho yake hayakucheka.

Kamati ilikuja asubuhi, bila kututaarifu siku. Mkuu wangu aliniita haraka tukaenda nayo. Asubuhi za mwisho wa kiangazi wanawake huwa mashambani wakisafisha visiki kabla ya mvua; wengine walikuwa wamekwenda Haneti na mama wa muheme. Ndani ya uwanja hapakuwa na ngoma wala ungo. Mlangoni palijaa: mitumba, karanga, soda, baiskeli zilizopinduliwa, na balozi katikati akizungusha cherehani. Mwenyekiti wa kamati alisalimia kila mtu kwa mkono. Alinunua karanga. Hakuwa mtu mbaya, naomba mnisadiki. Alitembea mpaka katikati ya uwanja mtupu, akageuka, akatazama mlangoni kwenye watu, akatabasamu kama mtu aliyetatuliwa tatizo.

Nilimweleza. Nilimweleza mkutano, jina walilopapa, ua, hodi, sababu ya fundi kukaa pale. Nilieleza kwa utaratibu, nikijua muda ni mfupi, nikichagua maneno. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

“Dada yangu,” alisema, “wewe unanieleza walichosema. Mimi naangalia walichofanya. Hawa wamekwisha jipangia wenyewe. Wanataka soko.”

Nikasema njoo jioni, mzee, baada ya mavuno, uwaone. Akasema serikali haiwezi kupanga mji kwa jioni za baada ya mavuno. Mkuu wangu alitazama chini. Wakati wanaondoka, balozi, ambaye alikuwa hajasikia maneno yetu, aliwaaga kwa furaha, akawaambia karibuni tena.

Uamuzi ulikuja kabla ya mvua za kwanza. Mfanyabiashara alinyimwa, na hilo lilihesabiwa ushindi wa wananchi. Uwanja ungepimwa vibanda vya wafanyabiashara wadogo, na waliokwisha kuwa pale wangefikiriwa kwanza. Nilipewa mimi kazi ya kwenda kueleza.

Tulikutana darasani tena. Mama wa muheme alikuwa amerudi kutoka shamba kwa ajili ya siku hiyo tu, vumbi bado miguuni. Nilieleza kama nilivyojua, sikupunguza wala kupamba. Nilipomaliza, watu walimtazama balozi. Kibanda cha kwanza, kile cha mlangoni, kilikuwa chake akikitaka.

Alivua kofia akaishika. Alisema hakulala tangu alipopata habari. Alisema akikikataa atapewa mtu mwingine, na uwanja hautarudi kwa sababu yeye amekataa. Yeye atarudi tu barabarani na cherehani yake. Alisema ana watoto wanaosoma. Alisema tena kwamba aliwekwa pale na mkutano huu, kwa kazi ya kuitikia, na ameitikia. Kila neno lilikuwa kweli, na kila mtu mle ndani alijua ni kweli, ndiyo maana hapakuwa na aliyemsaidia kulibeba.

Mama wa muheme alisimama. Nilingoja amchokoze. Nilitamani amchokoze, amtaje babu yake, adai kuku, aseme lolote la utani ambalo lingetuonyesha kwamba chini ya jambo hili bado pana sakafu.

“Mheshimiwa balozi,” alisema, “tumekusikia. Chukua kibanda.”

Balozi aliinamisha kichwa kama mtu aliyepigwa. Tangu nilipowafahamu mama hakuwahi kumwita mheshimiwa. Mtani akikuheshimu, amekuondoa nyumbani kwake.

Bikoni za mipaka ziliwekwa, vibanda vikajengwa, na lazima niseme ukweli, mtaa ulivihitaji. Watu walinunua chumvi na mafuta ya taa karibu na nyumba zao. Balozi alishona, halafu akauza vitambaa, maisha yake yakanyooka kidogo. Kwenye ramani mpya pale palipakwa rangi nyingine. Niliiona siku mchoraji alipoipaka, nikaenda kunywa chai.

Mwaka uliofuata, mtama ulipokauka, mama wa muheme alikuja ofisini kwetu. Alipiga hodi mlangoni, nikamwitikia. Hakutaka kukaa. Alisema mkwe wake mdogo amesahau nusu ya mapigo, na mwakani atakuwa amesahau yote. Akaniambia mimi najua ramani. Nimwonyeshe mahali ambapo hapatatakiwa na mtu.

Nilikunjua ramani, tukainama wote wawili. Nilimweleza rangi zote, moja baada ya nyingine, na ni nani anaweza kuomba wapi. Mwisho kidole changu kilifika kwenye korongo. Hapo, nilimwambia, hapajengwi, maana mvua zikija maji hupita na kila kitu. Kiangazi ni mchanga mkavu. Hakuna atakayewawekea ua, kwa kuwa hakuna ua utakaobaki.

Tulikwenda tukapaona. Alivua kandambili, akakanyaga, akapiga kiganja mchangani kusikiliza. Alisema mchanga unameza sauti. Kisha akasema watabana ngoma kwa nguvu zaidi.

Jumamosi iliyofuata walikuja, duara dogo kuliko la zamani, bila wazee wa mjini, bila bao. Hapakuwa na ardhi ya kupuria, hilo lilikwisha potea. Lakini mkwe mdogo alikaa mbele ya mama na kupokea pigo, akakosea, akarudia. Nilikuwa nimekaa ukingoni pamoja na watazamaji wachache lori lilipoteremka kwenye korongo, na dereva akazima injini. Alishuka, akaja mpaka kwenye duara, akangoja wimbo ufike mwisho.

“Shikamoo, mama,” alisema. “Hapa ndipo tunapochota mchanga wa ujenzi.”

“Marahaba, mwanangu. Na sisi ndipo tunapopigia ngoma.”

Dereva alitazama juu ya korongo, akatazama chini, akajikuna. Alisema basi watachota upande ule, wasisumbuane. Mama wa muheme alimshukuru, akawageukia wanawake wake, akaanza upya. Vibarua walishuka na makoleo. Mji wote ulikuwa unajengwa kwa mchanga huu, na siku zile hapakuwa na jioni bila lori. Kila Jumamosi walielewana vizuri, kwa salamu na kwa heshima, na kila lori lilipoondoka, shimo la mchanga lilikuwa limesogea karibu kidogo na miguu ya wapigaji.